Skramu Yangu ya Kwanza Nakuru

Nilipohamia Nakuru kutoka Kakamega kucheza raga, klabu yangu mpya ilikuwa imetwaa Kombe la Kenya, ligi kuu ya raga nchini, mara mbili mfululizo, 2013 na 2014. Mimi nilikuwa nimetoka shule juzi tu. Niliahidiwa posho ya kila mwezi na kitanda katika nyumba walimoishi wachezaji wengine. Kwetu hakuna aliyewahi kulipwa kwa kucheza. Mama aliniuliza, "Hiyo ni kazi ya kuandikwa au ni kibarua?" Nikamjibu, "Ni kazi, mama."

Mechi ninayoikumbuka kuliko zote tuliicheza nyumbani, uwanja wa Nakuru Athletic Club, dhidi ya timu ya Nairobi. Nilikuwa benchi na jezi nambari 18, ya propu wa akiba; propu ni mmoja wa wawili wa pembeni katika safu ya mbele. Kipindi cha kwanza hakijaisha, propu wetu wa nambari 3, mtu aliyekuwa akicheza ligi tangu mimi nikiwa shule ya msingi, akabaki chini ameshika goti. Kocha hakuhitaji hata kuniita. Safu ya mbele ya skramu, pale wanane wa kila timu wanapofungamana na kusukumana kugombea mpira, haiingizwi mtu yeyote tu, maana shingo huvunjika. Sheria inataka aliyefunzwa, na akikosekana, skramu huchezwa bila kusukumana. Sisi skramu ndiyo iliyokuwa ikitulisha.

Nilikuwa na woga, na ulikuwa na sababu. Katika raga ya chini ya miaka 19, skramu haisukumwi zaidi ya mita moja na nusu. Kwa wakubwa hakuna kikomo hicho: ukizidiwa, unarudishwa hadi kwenye mstari wako wa trai, pale wapinzani wanapofungia pointi. Tena nambari 3 ndiye anayebeba mzigo mkubwa. Propu wa nambari 1 upande mmoja wa kichwa chake uko wazi, lakini kichwa cha nambari 3 kinaingia katikati ya wapinzani wawili, na wote wawili wanamlalia.

Refa akatoa amri zake: inama, shika, ingia. Nilihisi kifua kikiinuliwa, miguu ikaiacha ardhi, na sote nane tukaanza kurudi kinyumenyume. Filimbi ikalia, penalti yao. Propu wa Nairobi hakunitazama hata mara moja.

Wakati wa mapumziko yule mkubwa wangu alikuwa ameketi kando ya mstari, barafu imefungwa gotini. Akaniita.

"Kijana, miguu yako iko karibu mno na kifua. Irudishe nyuma. Meno yote ya njumu yawe ardhini. Ukimshika, mshike mbali, mgongoni, umvute kwako asipate nafasi ya kukuinua."

"Sawa, kaka."

"Na pumua kabla hujaingia. Umeingia huna pumzi."

Maumivu yalikuwa yamemkunja uso, na bado alikuwa akinionyesha kwa mikono yake mahali pa kushika. Hilo sijalisahau. Alijua kwamba nikifaulu, jezi ile ni yangu.

Baadaye kipindi cha pili skramu ikawekwa mita tano kutoka mstari wetu, mpira wao. Watu wakasimama. Nilirudisha miguu, nikavuta pumzi, nikamshika mgongoni. Walisukuma mara ya kwanza, hatukusogea. Wakasukuma tena. Huka wetu, yule wa katikati ya safu ya mbele, alikuwa akiunguruma sikioni mwangu. Ndipo nikahisi uzito wa yule propu unapungua, kifua chake kikapanda, akainuka. Refa akanyoosha mkono upande wetu: penalti yetu. Wenzangu walinipiga mgongoni hadi ukawaka moto. Watu husifu trai za mawinga, na zinastahili, lakini mimi naamini mechi ile tuliishinda pale.

Mazoezi yaliyofuata kocha aliniweka kikosi cha kwanza. Yule kaka akaja kwa magongo, akasimama kando ya mashine ya skramu, akaniambia nirudishe mguu wa kulia nyuma zaidi.