Shangazi hana mionzi

Ijumaa jioni, Mwanza.

Leo nimebishana na watu kwenye simu mpaka salio likakata. Jirani yetu mmoja kule Sengerema kawaambia ndugu kwamba shangazi akirudi asilale na watoto, eti mionzi ya kutibu saratani anayopigwa hospitali ya Bugando itawapata na wao. Shangazi alikuwa kando yangu anachambua dagaa, kasikia kila neno. Akavuta ungo karibu, akaendelea.

Swali la yule jirani lina akili, nakiri: "Kama si hatari, mbona wataalamu wenyewe wanatoka wanamwacha peke yake?" Wanatoka kweli. Wanamlaza mezani, wanasawazisha mistari ya taa na alama za wino walizomchora nyongani (hizo haruhusiwi kuzisugua, anaoga akizikwepa), kisha mlango mzito unafungwa. Lakini shangazi anapata dozi iliyopimwa, mahali pamoja, kwa dakika chache. Wao wapo pale kila siku, mgonjwa baada ya mgonjwa, mwaka mzima. Wangekuwa wanabaki ndani, wangekwisha.

Na mionzi haikai mwilini. Hata mashine ya kobalti-60, ambayo chanzo chake cha mionzi hakina kuzimwa, hukaa imekifungia ndani ya kinga nzito. Wakati wa tiba kinafunguliwa njia, kikishamaliza kinafungiwa tena. Inayopita imepita. Baadaye atafanyiwa na ile ya ndani, kwa kuwa saratani yake ni ya shingo ya kizazi. Nayo ni hivyo hivyo: chanzo kinaingizwa, kinatolewa, anaamka anakwenda zake.

Kinachomsumbua shangazi ni maji. Anatakiwa anywe ya kutosha na ajizuie, kibofu kikijaa kinasukuma utumbo usikae kwenye njia ya mionzi. Akishakunywa hataki hata kusalimiwa. "Usinichekeshe mwanangu, utaniaibisha." Kuharisha kumeanza kidogo, na uchovu ule wa kulala mchana kweupe, daktari alishatuambia vitakuja.

Zamani mgonjwa kama yeye kutoka Kanda ya Ziwa alipandishwa basi hadi hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000, akakae huko wiki kadhaa bila ndugu. Sijui shangazi angemwachia nani mashamba.

Jumamosi na Jumapili hapigwi, seli zenye afya nazo zipate nafasi ya kujirudi. Kwa hiyo kesho tunakwenda Sengerema. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 hakuna tena kusubiri kivuko juani, na kwa tumbo lile ningeogopa. Mjukuu wake keshasema atalala na bibi, mtu asimguse.

Shangazi kaniagiza sato wawili wakubwa pale Kirumba. Mmoja wa nyumbani, mwingine wa kumwalikia yule jirani. "Aje tule sahani moja," kasema, "nimwone atakavyonawa."