Usingizi wa Dereva

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Tafakari ya juma hili inatoka katika Zaburi ya 121, zaburi ambayo madereva wengi tunaijua kwa ghibu, na hasa ule mstari wa nne usemao: "Naam, hatasinzia wala hatalala usingizi, yeye aliye mlinzi wa Israeli." Kazini kwetu, katika yadi iliyo kando ya Barabara ya Mandela, kila safari ya kwenda mkoani huanza kwa maombi tukiwa tumesimama mbele ya boneti, na mara nyingi mimi ndiye ninayeombwa kuongoza. Mstari huo nimeutamka asubuhi nyingi mno, mkono mmoja ukiwa juu ya bati la gari, pasipo kutambua kwamba ulikuwa unanionya mimi mwenyewe niliyeutamka.

Ninaendesha pikapu ya fowili, yaani inayoweza kusukumwa na magurudumu yote manne, Land Cruiser, inayobeba mafundi na vifaa vya kupimia maji yaliyo chini ya ardhi. Safari zetu nyingi ni za kusini: tunatoka Mbagala, tunapita Kongowe, Mkuranga na Bungu hadi Kibiti, kisha tunaiacha lami na kushika njia ya udongo kuelekea Mloka, ambako wakati wa masika gari lisilokuwa na fowili halina biashara ya kwenda. Mshahara wangu ni wa haki, lakini una mwisho wake, na mwisho huo hufika kabla ya mwisho wa mwezi. Kwa hiyo Januari, ada ya bweni ya binti yetu ilipokuwa imesimama mbele yetu, nilichukua bajaji ya tajiri mmoja wa Mbagala kwa zamu ya usiku. Nilirudisha gari la kazi yadi jioni, nikala, nikaingia barabarani saa 2 usiku kati ya Rangi Tatu na Chamazi, na kufikia saa 8 usiku nilikuwa nimempelekea tajiri hesabu yake ya shilingi 10,000 na kubaki na chochote kilichozidi. Saa 11 alfajiri niliamka tena kwenda yadi.

Sikuona dhambi katika jambo hilo, na hata leo sioni dhambi katika kibarua cha pembeni kwa nafsi yake. Mtume Paulo alipofika Korintho alikaa kwa Akila na Prisila akashona mahema pamoja nao, kwa kuwa hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya mikono yake, na kwa Wathesalonike aliandika kwamba alifanya kazi usiku na mchana asimlemee mtu yeyote. Mtu anayemlaumu mlinzi wa getini kwa kuuza vocha, au mwalimu kwa kufuga kuku, pengine hajawahi kwenda kuomba mkopo wa ada kwa shemeji yake.

Zaidi ya hayo, nilijihesabia haki. Nayajua majaribu ya kazi yetu, na ninyi mlio kwenye magari ya ofisi mnayajua: gunia la mkaa linalopakiwa Kibiti na kufunikwa turubai, abiria wa njiani anayelipa nauli ambayo haiingii katika kitabu cha safari, na mpira wa kunyonyea dizeli unaolala chini ya kiti pamoja na kidumu chake cha lita tano. Hayo yote sikuyafanya. Gari la kampuni halikugusa biashara yangu hata kwa kilomita moja, na nilipowasikia wenzangu wakisutwa kwa sababu ya vumbi jeusi lililobaki katika mifereji ya bodi la nyuma, nilisimama pembeni kama yule Farisayo hekaluni, nikimshukuru Mungu kwamba mimi si kama wao.

Ikawa siku moja mwezi wa tano, tukirudi kutoka Mloka. Tulikuwa tumeshapita matope na kuingia lami, na lami kwa dereva aliyechoka ni hatari kuliko matope, kwa sababu matope humlazimisha mtu kukaa macho, ilhali lami iliyonyooka humbembeleza. Kushoto kwangu alikuwa kijana mpimaji, amelala fofofo, kichwa kimeegemea kioo na kofia imemfunika macho. Mahali fulani kabla ya kijiji cha Jaribu nilisikia changarawe ikigonga chini ya gari. Sikumbuki kufumba macho. Nakumbuka kuyafumbua tu, na kuona kwamba gurudumu la kushoto limeshatoka nje ya lami, na nguzo ya alama ya barabarani inakuja. Nilirudisha usukani taratibu, kama tulivyofundishwa, bila kukanyaga breki kwa pupa. Gari likatulia. Kijana hakuamka.

Ndani ya gari lile walikuwamo watu wawili waliolala, na mmoja tu ndiye aliyekuwa na haki ya kulala. Yeye alilala kwa sababu aliniamini. Mwajiri alikuwa amenilipa ili niwe macho, na macho yale nilikuwa nimeyauza usiku uliotangulia, kipande kwa kipande, kati ya Rangi Tatu na Chamazi. Nilikuwa nimejisifu kwamba sijaiba dizeli, kumbe nilikuwa nikichota kutoka katika tangi jingine, ambalo halina geji na ambalo hakuna mhasibu anayelikagua.

Nilipofika nyumbani nikaifungua zaburi ile upya. Asiyesinzia wala kulala ni Bwana, na zaburi haimtaji mwingine. Hiyo ni sifa ya Mungu peke yake, kama vile umilele ulivyo sifa yake, na mwanadamu anayejipangia maisha ya kukesha kazini usiku na kukesha barabarani mchana, kisha akaiita hali hiyo bidii, amejivika sifa isiyo yake huku akiimba kwamba anamtumainia mwenye sifa hiyo. Ndiyo maana Zaburi ya 127, iliyo kurasa chache tu mbele, inaisema kazi ya wanaoamka mapema na kukawia kulala kuwa ni bure, na kuutaja usingizi kuwa kitu ambacho Mungu humpa mpenzi wake. Mimi zawadi hiyo nilikuwa naipeleka kwa tajiri wa bajaji, na riziki niliyokuwa nikiikimbilia nilikuwa nimeshaipata tangu Machi, maana ada ililipwa yote mwezi huo. Nilibaki barabarani kwa mazoea, na kwa utamu wa kuwa na noti mfukoni.

Hapa wenye magari kama langu watanielewa. Fowili yetu ni ile ambayo dereva huifunga anapoihitaji, na ikishafungwa, ekseli ya mbele na ya nyuma hulazimika kuzunguka kwa mwendo mmoja. Kwenye kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Katika matope tofauti hiyo haina madhara, kwa sababu magurudumu huteleza kidogo na kujirekebisha, lakini kwenye lami kavu hakuna pa kuteleza, na nguvu ile hubaki ndani, ikikaza propela, difu na giaboksi. Usukani huwa mzito, matairi hulia, na dereva mgeni hudhani gari lina ubovu. Fundi mmoja mzee wa Buguruni alipenda kuwauliza madereva wapya: "Matope umeyaacha wapi, na fowili umeifungua wapi?" Mimi matope yangu niliyaacha Machi, na mwezi wa tano nilikuwa bado nimeifunga fowili.

Si haki kuwatwika madereva mzigo wote. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa juma, na inampa mfanyakazi mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine, lakini wapo waajiri, na baadhi yao ni washarika wenzetu, wanaomtaka dereva afike Kibiti na kurudi usiku uleule kwa sababu posho ya kulala ni gharama. Wengine hupenda kutukumbusha neno la Yohana Mbatizaji kwa askari, kwamba watosheke na mshahara wao, na husahau kwamba askari wale walikuwa wanakatazwa kuwanyang'anya raia. Neno lile halikuwa ruhusa kwa mwajiri kulipa kidogo. Hata amri ya siku ya saba, katika Kutoka sura ya 23, inataja mapumziko ya ng'ombe na punda kabla ya kumaliza. Dereva naye asihesabiwe chini ya punda.

Lakini mwajiri wangu hakunituma kukesha. Usiku ule nilijituma mwenyewe. Juma lililofuata nilikwenda kwa tajiri wa bajaji na kumwambia kwamba nitaendesha Ijumaa usiku tu, nami sitaendesha kama Jumamosi nina safari. Hakukasirika. Alisema, "Basi kaka, usiku mwingine nitampa kijana mwingine," akachukua funguo. Mke wangu aliuliza tutafanyaje ada ya muhula wa pili itakapofika mwezi wa saba, nami sikuwa na jibu, wala hadi ninapoandika haya sijalipata lote. Tumeanza kuweka akiba ndogo katika kikundi cha akina mama wa mtaani, na jina langu liko la nne katika mzunguko.

Kwa mpimaji nilikwenda pia, nikamwambia yote yaliyotokea kabla ya Jaribu. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema kwamba angependa niwe nimemwamsha. Safari iliyofuata alikaa wima, mkono umeshika mpini wa mlango, tangu Mbagala hadi Kibiti, na sikumlaumu. Ilikuwa ni safari ya nne, tukiwa hatujafika Mkuranga, ndipo nilipoona kofia ikishuka tena juu ya macho yake.