Elektrodi ya damu ya ng'ombe: nimefika wapi

Watu wa mtaa wananiuliza kila siku kama kifaa changu cha kupima gesi kwa damu ya ng'ombe kitaonyesha mazuku, ile gesi ya kuua inayotoka ardhini huku kwetu. Hakitaonyesha. Mazuku ni kaboni dayoksaidi, na ile chuma ya ndani ya himoglobini, protini nyekundu ya damu inayobeba oksijeni, haishikani nayo kabisa, hiyo gesi inajibandika pembeni kwa protini. Mimi natafuta kaboni monoksaidi, ile ya mbabula (jiko la makaa), juu huku Goma mvua ikinyesha usiku watu wanaingiza makaa ndani wanafunga mlango, na ile gesi inashika himoglobini kushinda oksijeni zaidi ya mara 200.

Wiki ya 1. Muchinjaji alinipa chupa ya damu ingali moto, nikaikoroga palepale mpaka nyuzi nyeupe zikajizungusha kwa kijiti, usipofanya hivyo inaganda yote. Nikaosha chembe na maji ya chumvi mara tatu, kisha maji matupu yakazipasua, na ile damu nzito ikageuka nyekundu ya kuangaza, ukiweka gazeti nyuma ya glasi unasoma herufi!

Elektrodi yenyewe, ile ncha ya kupitisha umeme, ni kile kijiti cheusi cha betri iliyokufa, nimekisugua na msasa. Himoglobini ukiipaka hivi hivi umeme unafika kwa shida, juu chuma imejificha katikati ya protini, njo maana naichanganya na jelatini, tone moja, likauke usiku kucha. Elektrodi ya pili ni waya ya feza niliyolowesha kwa javeli (dawa ya kung'arisha nguo) mpaka ikageuka kijivu cheusi.

Wiki ya 3. Kwa volti -0.4 nilipata maikroampea 14, hiyo ni oksijeni inayopokea umeme kwa himoglobini. Nikapitisha gesi ya mbabula, ikashuka mpaka 9. Nilipiga kelele mpaka mama akatoka jikoni. Kisha nikapitisha gesi ya siki na baikabonati, ambayo ni kaboni dayoksaidi, nayo ikashuka mpaka 9, juu mapovu yanafukuza oksijeni na maji yanakuwa machachu. Usiku ule sikulala vizuri.

Jana nimepata njia: baada ya gesi napuliza hewa safi na pampu ya baiskeli. Kwa siki, dakika mbili tu imerudi 13. Kwa mbabula, dakika kumi nzima imebaki 10, juu monoksaidi haiachilii upesi. Nikaleta tochi kali karibu, namba ikaanza kupanda polepole, mwanga unaibandua kwa chuma, mwanasayansi Mjerumani Otto Warburg alitumia mbinu hiyo miaka ya 1920 akichunguza upumuaji wa chembe. Niliita mama aje aone mwenyewe.

Jumamosi narudia na elektrodi tatu mpya na moja isiyo na damu, zote nje kwenye baraza.