Sifuri Iliyopotea Kwenye Maji ya Kisima

Kila mwaka upepo wa kusi ukikolea, maabara yetu hapa Mtwara hupokea wanafunzi wa uhandisi wanaokuja mafunzo kwa vitendo. Wengi ni wa ujenzi. Huingia na maneno yaleyale: "Mama, kemia tuliimaliza mwaka wa kwanza." Siwalaumu. Hata mimi nilisomeshwa kemia ya kukariri, shule haina bureti (mrija wa kioo wenye vipimo na bomba dogo chini) hata moja, tukajibu mtihani wa vitendo kwa kalamu.

Mwaka huu alikuja bibi mmoja kutoka Mikindani na chupa ya maji ya kisima chake. Mwanawe anajenga, na fundi kasema atachanganyia zege maji hayohayo ya uani ili wasinunue ya boza. Kijana wangu wa mwaka wa pili akamwamkia, akapokea chupa kwa mikono miwili. Bibi akamwambia, "Maji yangu yana chumvi, mjukuu wangu. Chai yake hainyweki."

Jioni kijana akaniletea karatasi: kloraidi, ile sehemu ya chumvi tunayoipima, miligramu 140 kwa lita. Mwandiko mzuri, mstari umepigwa kwa rula.

Nikamuuliza, "Na ulimi wa bibi umeuweka wapi?"

Ladha ya chumvi huanza kusikika kloraidi ikifika kama miligramu 250 kwa lita. Kwenye 140 hakuna anayekunja uso. Kwa hiyo ama bibi kakosea, naye kanywa maji ya kisima kile tangu aolewe, ama karatasi imekosea. Tukarudi mezani.

Kipimo chenyewe ni cha zamani na ninakipenda sana. Kilianzishwa na Mjerumani Karl Friedrich Mohr katika karne ya 19. Unaweka maji ya kupimwa kwenye chupa ya koni, unatia matone machache ya potasiamu kromati, yote yanakuwa ya manjano. Kisha unafungua bureti yenye naitreti ya fedha (fedha ya madini, si pesa), tone kwa tone, huku mkono mwingine unaizungusha chupa. Kila ayoni (chembe yenye chaji ya umeme) ya fedha inakamata ayoni moja ya kloraidi, na maji yanapata ukungu mweupe kama tui. Tone linapoangukia huacha alama nyekundu, ukitikisa inapotea. Tone jingine, nyekundu inakaa kidogo zaidi, inapotea. Hapo ndipo wengi huharakisha. Subiri. Kloraidi ikiisha, fedha inayozidi haina pa kwenda ila kwa kromati, na tone moja tu linatosha kuibadili chupa nzima kutoka manjano hadi wekundu hafifu wa tofali usioondoka. Unafunga bureti, unashusha macho yalingane na uso wa maji, unasoma.

Jambo moja watu hulisahau: maji yasiwe na asidi wala yasizidi pH 10 (pH ni kipimo cha asidi na alkali). Kwenye asidi kromati hubadilika na rangi huchelewa. pH ikizidi, fedha huanza kujizamisha yenyewe kabla ya wakati. Na lazima upime pia maji safi ya maabara peke yake, ujue rangi ilikula kiasi gani bila kloraidi yoyote.

Kijana alikuwa amefanya yote hayo sawasawa. Bureti ilisoma mililita 14.2, maji safi yalikula 0.2, zikabaki 14.0. Kwa ukolezi wa naitreti tunaotumia, kila mililita hukamata nusu miligramu ya kloraidi. Miligramu 7. Chupa ilikuwa na mililita 50, akagawa, akapata 140. Hesabu haina kosa hata moja, ila mililita 50 zile hazikuwa maji ya bibi. Asubuhi, kwa kuwa kipimo cha kupitisha umeme kilionyesha maji yamebeba ayoni nyingi, nilimwambia ayazimue mara kumi. Maji ya bibi mle ndani yalikuwa mililita 5 tu. Jibu ni 1,400.

Alinyamaza. Nikamwambia asifute, tutafute kwanza namna ambayo angeligundua mwenyewe hata kama bibi asingesema neno.

Njia ipo, na ndiyo kemia ninayotamani kila mhandisi aondoke nayo hapa. Maji hayabebi umeme wa upande mmoja: ayoni chanya na ayoni hasi lazima zilingane kwa idadi ya chaji. Upitishaji umeme wa maji yale ulikuwa maikrosimensi 4,900 kwa sentimita. Kwa kukadiria, gawa kwa 100, unapata kama miliekwivalenti (kizio cha kuhesabia chaji) 49 za kila upande katika lita. Bikaboneti na salfeti, ambazo nazo ni ayoni hasi, tulikuwa tumeshazipima, jumla zilitoa 10. Kloraidi ya 140, ukigawa kwa 35.45 ambao ndio uzito wa moli yake (moli ni idadi maalumu ya chembe), ni 4. Jumla 14. Je, 35 zilizobaki ziko wapi? Weka 1,400: inakuwa 39.5, jumla 49.5. Hapo daftari limetulia.

Akaniuliza kwa nini tugawe kwa 35.45, kwa nini tusijumlishe miligramu moja kwa moja. Swali zuri. Nikamweleza habari ya babu yangu mzaa mama, aliyekuwa mchoma chokaa. Nyumba za kale za Mikindani zimesimama kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na babu alijua kwamba jiwe likiiva tanuruni hutoka jepesi. Gramu 100 za kalsiamu kaboneti safi hutoa gramu 56 za chokaa. Gramu 44 zimepaa kuwa kaboni dioksaidi. Hakuna kilichoibiwa. Moli moja iliingia, ikatoka moli moja ya hiki na moli moja ya kile. Vitu vinapokutana huhesabiana kwa idadi, kama wanaume kumi wanavyohitaji majembe kumi, hata kama jembe na mtu havina uzito mmoja. Fedha moja, kloraidi moja, ingawa fedha ina uzito wa mara tatu hivi.

Ugumu wa maji sitauelezea kwa urefu. Ni matumbawe yaleyale yanayeyushwa na mvua yenye kaboni dioksaidi, ndiyo maana sabuni haitoi povu. Tunapima kwa EDTA, kemikali inayokamata kalsiamu, kwenye pH 10, rangi inageuka kutoka zambarau-nyekundu kuwa buluu. Ukishaijua titresheni (kupima kwa bureti tone kwa tone) moja kwa mkono, hii ya pili haikusumbui.

Sasa 1,400 ina maana gani kwa fundi? Kiwango cha Ulaya cha maji ya zege, EN 1008, kinaruhusu hadi miligramu 1,000 kwa zege lenye nondo, na 4,500 kwa zege lisilo na chuma ndani. Saruji mbichi ina pH ya zaidi ya 12, na humo nondo hujivika utando mwembamba unaoizuia kutu. Kloraidi huutoboa utando huo. Kisha haiishi: hushiriki, huachiliwa, hurudia. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo zege hupasuka kutoka ndani. Nimeiona lenta ya namna hiyo nyumbani kwa kaka yangu, ufa umefuata nondo kama mtu kauchora kwa penseli. Kwenye 140 ningesaini karatasi ile bila wasiwasi, na ndiyo sababu sifuri moja ilininyima usingizi.

Tulirudia mara tatu. 14.2, 14.1, 14.2. Safari hii aliandika "mara 10" juu ya ukurasa kabla ya kujaza bureti.

Siku ya Alhamisi tulipeleka majibu wenyewe. Fundi alikubali kununua maji ya boza kwa nguzo na lenta, na kwa kumwagilia zege linapokomaa. Ya kisima yatatumika kwenye njia ya kupita uani, isiyo na nondo. Tulipokuwa tunaaga, kijana akasimama kando ya nondo zilizolazwa nje, upande wa bahari, akapitisha kidole na kukitazama.

"Mama, hizi nazo zinapigwa na upepo wa chumvi tangu lini?"

Fundi akasema miezi minne. Tukatoa pamba, tukailowesha kwa maji safi ya maabara, akafuta mita moja ya nondo kwa uangalifu pande zote, akaitia pamba kwenye chupa na kuandika urefu, tarehe na mililita alizotumia. Jumatatu atajaza bureti.