Sekunde 11 za bahari, na kanga iliyotoboka

Kazi yenyewe ilikuwa ya sekunde 11 tu. Mama amekaa ndani ya mashua, kaipa bahari mgongo, anatazama nchi kavu ikibaki nyuma, hasemi neno. Mwongozaji hakuwa na fedha za kukodi mashua, wala ujasiri wa kuingiza kamera ya kuazima majini wakati wa kusi. Tukapiga uani, Kinondoni: ubavu wa mashua iliyokufa umeegemezwa kwenye matofali, kitambaa cha kijani nyuma, jua la saa kumi alasiri. Bahari nikaachiwa mimi niitie baadaye kwenye kompyuta.

Nilifungua Fusion, sehemu ya kuunganisha picha iliyomo ndani ya DaVinci Resolve ya bure, programu ya kuhariri filamu, nikagusa rangi ya kijani ili kila kilicho kijani kifutwe, kitambaa kikaondoka. Kikaondoka na kanga. Mwigizaji alijitanda kanga ya njano yenye jina lililoandikwa kwa kijani, WEMA HAUOZI, na sasa kila herufi ilikuwa tundu, mawimbi yanapita ndani ya methali. Nilicheka, kisha nikapiga hesabu: sekunde 11, kila moja ina fremu 25, yaani picha 25, ni fremu 275. Kicheko kikaisha.

Herufi hazikunitesa sana, maana zilikuwa katikati ya mwili. Nilichora maski (umbo linalotenganisha mtu na kilicho nyuma yake) pana ndani yake, mbali na ukingo, nikaifuatisha mwendo wa mabega, nikaiambia programu kwamba vyote vilivyomo humu ni mtu, visiguswe. Kilichonila siku mbili ni pindo lililokuwa likipepea, na vinywele vya pembeni ya paji la uso.

Kamera yetu ilirekodi kwa mfumo wa 4:2:0. Maana yake mwanga umehifadhiwa kwa kila pikseli, lakini rangi imehifadhiwa mara moja kwa kila pikseli 4. Ukiangalia filamu kawaida huoni hasara hiyo. Ukitaka kuondoa kijani unaiona, kwa sababu kazi hiyo inategemea rangi, na rangi ndiyo iliyopunjwa. Ukingo wa shavu ulikuwa na ngazi ngazi kama ukuta usiopigwa lipu. Nilichukua nakala ya picha, nikaitia ukungu kidogo sana kwenye rangi peke yake, mwanga nikauacha ulivyo, nikatengenezea maski kwenye nakala hiyo. Maski ilipokuwa tayari nikaihamishia kwenye picha halisi.

Tena sikutengeneza moja. Siku nzima ya kwanza niliipoteza nikisukuma vitufe vya maski moja nikitaka ishike mwili na nywele kwa pamoja. Haiwezekani. Ya mwili iwe ngumu, irudishwe ndani pikseli chache; ya nywele iwe laini, hata kama katikati imetobokatoboka kama chandarua cha zamani. Kisha unazijumlisha kwa kuchukua iliyo kubwa kati ya hizo mbili kwenye kila pikseli. Vinywele vikarudi.

Halafu kuna kijani cha kitambaa kinachorukia ngozi, chini ya kidevu hasa. Kanuni niliyokuwa nikiitumia ni fupi: popote kijani kinapozidi wastani wa nyekundu na buluu, kishushwe hadi kwenye wastani huo. Shingo ikapona, kanga ikawa ya rangi ya chungwa! Nilikaa nikiitazama muda mrefu kabla sijaelewa. Njano ni nyekundu na kijani pamoja, buluu haimo karibu kabisa, kwa hiyo wastani huo ni mdogo na kijani halali kinanyang'anywa pamoja na cha wizi. Kwenye kanga nikabadilisha kanuni: kijani kisizidi nyekundu, basi. Njano ikabaki njano. Herufi nilizikinga kwa maski ileile ya ndani.

Nikaona nimemaliza, nikaenda kumwonyesha mjomba, mvuvi wa Kunduchi.

"Shikamoo mjomba, hebu tazama."

"Marahaba." Akatazama mara mbili kwenye simu. "Mpiga picha kakaa wapi?"

"Ndani ya mashua, na yeye."

"Sasa mbona mama anayumba na bahari imetulia? Ukiwa chomboni, mjomba, chombo hukioni kikiyumba. Bahari ndiyo inayopanda na kushuka."

Nilikuwa nimemyumbisha mtu! Nikamtuliza, nikauyumbisha upeo wa bahari kwa kujumlisha mawimbi mawili, moja la sekunde 4 na ushei, jingine karibu 7, ili mwendo usijirudie kama saa ya ukutani. Nikagundua kosa jingine hapohapo. Kamera ikilala sawa, mstari wa upeo hupita kwenye kimo cha lenzi. Yetu ilikuwa usawa wa kifua chake, mimi niliuweka kiunoni, ndiyo maana alionekana kama kapandishwa jukwaani.

La mwanga halikuwa na dawa kwenye kompyuta. Bagamoyo inatazama mashariki, na bahari niliyokuwa nayo niliipiga huko saa moja asubuhi, jua likichomoza majini, nyuma ya mama ambaye uso wake unaangazwa kutoka mbele. Nilipanda gari nikarudi, nikasimama majini hadi magotini saa kumi alasiri, jua mgongoni, nikapiga upya. Nauli hiyo ilifanya kazi kuliko jioni zote za kusahihisha rangi. Watu hupenda kumzungushia mhusika mwanga wa nyuma ukingoni. Nilijaribu, nikautoa, kwa sababu jua halikuwa nyuma.

Kilichobaki ni weusi. Baharini kuna umande na chumvi hewani, weusi wa mbali si weusi kamili, una ubuluu. Nilitazama nyekundu, kijani na buluu moja moja, nikaupandisha mwanga wa kioo cha kompyuta kupita kiasi, na kivuli cha kanga kikaonekana kama shimo. Nilipoinua weusi wake bahari yote nayo ikapata ukungu, kwa sababu picha ilikuwa tayari imezidishwa na alfa (namba inayosema kila pikseli ni ya mtu kwa kiasi gani), na kile nilichoongeza kiliingia hata pale pasipo na mtu. Igawe kwanza kwa alfa, sahihisha, ndipo uizidishe tena. Fusion ina kisanduku cha kutia tiki kwa ajili hiyo. Kanuni za kuunganisha picha kwa alfa waliziandika Porter na Duff mwaka 1984, na bado wengi tunazikosea.

Chenga za kamera, vile vidoadoa vinavyochezacheza kwenye picha, nilizipunguza mwanzoni, nikazirudisha mwishoni juu ya vyote, mtu na bahari pamoja.

Wiki ijayo tunapiga ndani ya basi, usiku. Mwigizaji ni yuleyule. Nimemwomba kila kanga anayofikiria kuvaa aipige picha kwanza, anitumie.