Mwezi mwandamo juu ya braketi

Binti alikaa kwenye kiti, ana breisi, zile waya za kunyoosha meno, juu na chini, huu ni mwezi wa saba tangu awekewe, nikamuuliza vipi kusafisha, akasema nasafisha dokta, asubuhi na usiku kabla sijalala. Na kweli ukitazama kwa macho tu meno yanang'aa. Nikampaka ile rangi ya kuonyesha ukoga, akasukutua, nikampa kioo. Kwenye meno ya mbele juu, kati ya braketi, yaani kile kichuma kilichogundishwa kwenye jino kushika waya, na fizi, kuna mstari wa zambarau umejikunja kama mwezi mwandamo, jino baada ya jino. Akanyamaza kidogo, halafu "yaani hiyo yote ni uchafu?" Nikamwambia mwanangu hao ni bakteria, na hiyo zambarau maana yake wameshakaa hapo zaidi ya siku moja, ingekuwa ukoga wa leo ungetoka pinki. Hakunidanganya, mswaki unapita kweli, ila unateleza juu ya chuma na kukaruka hako kanafasi.

Kilichoniuma ni kadi yake. Mara zote zilizopita nimeandika mimi mwenyewe alama ndogo ya ukoga, hali nzuri, endelea hivyohivyo.

Sasa ukifikiria unaona kwa nini. Vipimo vingi vya ukoga tunavyotumia vilitungwa kwa meno yasiyo na breisi na watafiti waliokuwa wanafuatilia ugonjwa wa fizi. Silness na Löe mwaka 1964 walitoa alama 0 mpaka 3 na wanaangalia ukoga pale jino linapokutana na fizi: 0 hamna, 1 huuoni mpaka upitishe kijiti cha chuma, 2 unaonekana, 3 umejaa. Kile cha O'Leary cha 1972 unahesabu pande nne za kila jino, zenye ukoga ni ngapi, unapata asilimia, kwa hiyo mtu mwenye meno 28 ana pande 112 na zikiwa na ukoga 28 anatoka na 25%. Ni kizuri, mgonjwa anakielewa haraka kuliko chochote, lakini nacho kinahesabu ukingo wa fizi tu. Kile cha Quigley na Hein, kilichorekebishwa na Turesky 1970, kinakwenda 0 mpaka 5 kwa kuangalia ukoga umepanda kiasi gani kutoka kwenye fizi, kama maji yanavyopanda ukutani, sasa kwa mwenye breisi haupandi hivyo, katikati ya jino kuna braketi na ukoga unaanzia pale pale kwenye gundi na kusambaa kuizunguka.

Yaani balaa limehama na kipimo kimebaki kule kule. Huyu mtu fizi zake zinaweza kuwa sawa tu huku asidi ya bakteria inakula enameli, lile ganda gumu la nje la jino, pembeni ya braketi, na doa jeupe linaweza kuonekana ndani ya wiki 4, ambazo mara nyingi ndo muda wa kati ya miadi na miadi! Breisi zikitoka meno yamenyooka vizuri na kila jino lina fremu nyeupe ya mahali braketi ilipokuwa. Hilo doa halisuguliki likatoka.

Kwa hiyo mimi sasa naligawa jino sehemu nne kwa kuifuata braketi: juu yake, chini yake, kushoto na kulia, kila sehemu inapata alama yake. Inachukua muda, sikatai, lakini wastani wa jino zima unaficha mambo, sehemu tatu zikiwa safi na moja imejaa unapata alama nzuri na wote wawili mnafurahi bure. Meno ya pembeni ya yale mawili ya mbele juu nayaangalia mara mbili, hayo ndo yanaongoza kwa madoa.

Picha nazo zinasaidia, unapaka rangi, unapiga, kompyuta inahesabu eneo lenye rangi. Ila mate na chuma vinameremeta, na ukibadilisha taa au pembe ya kamera namba inabadilika hata kama mdomo ni ule ule, kwa hiyo lazima kila kitu kiwe vilevile kila safari, na midomo ivutwe vizuri.

Halafu kuna hili, mtu akijua leo ana miadi anasugua asubuhi kama anasugua sufuria, ukoga unaopima ni wa asubuhi hiyo tu. Ndo maana pembeni ya alama naandika pia fizi zinatoka damu au la. Löe na wenzake mwaka 1965 waliwaambia watu wazima wenye fizi nzima waache kusafisha kabisa, fizi zikavimba kati ya siku 10 na 21, walivyorudia kusafisha zikapona, lakini kwa siku kadhaa, si kwa asubuhi moja.

Yule binti nilimpa kale kabrashi kembamba, nikamwonyesha kukapitisha chini ya waya kutokea juu, akajaribu mwenyewe mbele ya kioo, mwezi ukaanza kukatika vipande vipande akawa anaufuata jino kwa jino bila kuambiwa. Kwenye kadi nimeandika: jino namba 12, hilo ni moja ya yale ya pembeni ya mawili ya mbele juu, juu ya braketi, 2.