Kumbukumbu ya mradi: mizani, mashine ya sukari na sahani ya ugali

Lengo la mradi ni kushusha sukari ya mwenye kisukari aina ya pili kwa chakula na mazoezi, na kila badiliko lithibitishwe na mashine ya kupima sukari ya damu, si maneno ya mtaani. Tunatafuta 4.4 hadi 7.2 mmol/L kabla ya kula, na chini ya 10.0 baada ya kula. Kama mashine yako inasoma kwa mg/dL, gawa kwa 18. Haya ni malengo ya kawaida ya mtu mzima. Mzee sana, mjamzito na mwenye ugonjwa wa figo hupangiwa yao na daktari.

Upimaji

Kipimo kimoja peke yake hakisaidii. Pima kabla ya tonge la kwanza, kisha saa mbili baada ya tonge hilo hilo, si baada ya kunawa. Daftarini andika tofauti. Kanuni ya mradi: sukari ikipanda kwa chini ya 3, sahani inabaki ilivyo, ikipanda zaidi, wanga unapunguzwa kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Namba za ajabu mara nyingi hutoka kidoleni. Aliyetoka kumenya embe akapima bila kunawa anapima embe. Nawa kwa sabuni, kausha kabisa, toboa pembeni mwa ncha ya kidole. Ukikikamua kwa nguvu, damu inachanganyika na majimaji ya mwilini na namba inapotoka. Kopo la vijiti vya kupimia lifungwe mara tu unapotoa kimoja, na lisikae karibu na jiko: unyevu na joto huviharibu, na kwa macho huwezi kujua.

Ugali: kazi imekwisha

Hapa ndipo ubishi ulipo mwingi, na jibu lake ni gramu. Unga wa mahindi una takriban gramu 75 za wanga katika kila gramu 100. Dona ina nyuzinyuzi kuliko sembe, na ni bora, lakini ikisagwa laini bado inapandisha sukari. Anayehamia dona na kuacha kipande kiwe kilekile atashangaa jinsi namba isivyoshuka. Mtama na ulezi nao wamo katika hesabu hiyo hiyo. Rangi ya unga haipunguzi wanga.

Shida ni kwamba ugali hupikwa wa familia nzima. Pima unga kabla ya kupika, kisha pima ugali wote ukishapakuliwa (ukoko uliobaki kwenye sufuria usikusumbue). Mfano: unga gramu 500, ugali gramu 1,500. Kila gramu 100 za ugali zina unga gramu 33 hivi, yaani wanga gramu 25. Kipande cha gramu 180 kina wanga gramu 45, na hapo ndipo tunapoanzia kwa mlo mmoja. Usikariri uzito wa kipande kwa kila siku: ugali laini una maji mengi, mgumu una machache, kwa hiyo gramu 180 za leo si gramu 180 za jana. Unga ndio wa kuhesabu.

Sahani inajazwa hivi: nusu mchicha, matembele au sukuma wiki, robo samaki, dagaa, kuku au mayai, robo ugali. Maharage wengi huyaita mboga wakayaacha nje ya hesabu. Gramu 100 zilizopikwa zina wanga kama gramu 20, ila nyuzinyuzi zake huufanya uingie polepole. Yakiwepo, punguza ugali.

Kuanza na mboga na protini, wanga ukafuata, hupunguza kupanda kwa sukari. Kwa mla ugali ushauri huu ni mgumu, maana mboga bila tonge inaonekana haijaliwa. Kinachowezekana ni bakuli la kachumbari au mchicha mtupu kabla ugali haujaja mezani.

Uji umeondolewa. Unga gramu 40 ndani ya kikombe una wanga gramu 30 kabla ya sukari, na kwa kuwa ni wa kunywa unapita tumboni haraka.

Chapati: bado

Chapati hudanganya saa ya pili. Mafuta huchelewesha chakula kutoka tumboni, hivyo baada ya saa mbili namba inapendeza na saa ya tatu inapanda. Pima zote mbili. Vivyo hivyo kwa pilau na chipsi.

Kutembea

Dakika 15 ndani ya nusu saa baada ya kumaliza kula, mwendo ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata insulini ikiwa haifanyi kazi vizuri, ndiyo maana matembezi ya saa hiyo yanaonekana kwenye mashine. Kwa wiki jumla isipungue dakika 150, na zisipite siku mbili mfululizo za kukaa. Ongeza kuchuchumaa na kuinuka, au kunyanyua ndoo ya lita 10, mara mbili au tatu kwa wiki. Viatu vifunge vidole, na miguu ikaguliwe jioni. Mguu uliokufa ganzi hausemi ukichubuka.

Anayetumia insulini au glibenklamaidi (kidonge kinachousukuma mwili kutoa insulini) asipunguze wanga wala kuongeza mazoezi kabla dozi haijaangaliwa na daktari. Sukari ikiwa chini ya 4.0: vijiko vya chai 3 hadi 4 vya sukari kwenye maji, subiri dakika 15, pima tena.

Sukari ya alfajiri: ngumu

Mtu analala na 7, anaamka na 9, hajala kitu. Ini ndilo limetoa sukari kwa amri ya homoni za alfajiri. Kuruka chakula cha jioni kwa kawaida hakutibu hili. Kinachosaidia zaidi ni kupunguza mafuta yaliyojaa kwenye ini, yaani uzito. Utafiti wa DiRECT wa Uingereza, uliochapishwa 2017, uliwapa watu wenye kisukari kisichozidi miaka 6 supu na vinywaji vya kalori 825 hadi 853 kwa siku, kwa miezi 3 hadi 5, chini ya uangalizi. Baada ya mwaka, 46% walikuwa nje ya kiwango cha kisukari bila dawa. Kwa waliopungua kilo 15 au zaidi, 86%. Usiige nyumbani peke yako.

Kipimo cha HbA1c (wastani wa sukari ya damu wa miezi miwili hadi mitatu) kinafanywa kila miezi mitatu, lengo chini ya 7%. Mwenye selimundu asikitegemee: chembe zake za damu hufa mapema na jibu husoma chini kuliko hali halisi.

Kinachofuata

Viazi vitamu, gramu zilezile, vya kuchemsha dhidi ya vya kuchoma. Vya kuchoma vinatarajiwa kupandisha zaidi. Vipimwe vikiwa vibichi na vimemenywa, kwa sababu moto hukausha maji na mizani itakuonyesha kidogo.